Mawe Yako Hayakuwa Kokoto

Kamachumu, Jumatano alasiri

Kemilembe,

Sikusalimii. Tulishasalimiana asubuhi jikoni, ukaniuliza kama nimelala vizuri, nikakujibu nimelala, na wote wawili tulijua nadanganya. Sasa nimejifungia dukani. Cherehani nimeifunika, mlango nimeutia komeo, na kuna mama amegonga mara mbili akitaka sketi za shule za watoto wake, nami nimetulia kama sipo. Atanisamehe. Haya ningekuambia kwa mdomo, lakini ningeanza kulia kabla sijafika popote, nawe ungenishika bega na kuniambia "hamna neno, mama," na hapo ningenyamaza kama ninavyonyamaza siku zote. Karatasi haimshiki mtu bega.

Usiifungue hapa nyumbani. Ifungue kesho basi likishavuka mpaka pale Mutukula. Mbele ya hapo hakuna mtu wa ukoo wa kukuchungulia usoni.

Mambo ya sweta, ya chakula cha njiani, ya kushika pasi yako mkononi, sitayasema. Mtu aliyekaa Rwenzori kwenye tope na ukungu, akala ugali wa baridi na kurudi na miguu yake yote miwili, hafundishwi na mama yake namna ya kupanda basi.

Nina hasira, Kemi. Nina hasira na baba yako mkubwa. Nina hasira na mwinjilisti. Nina hasira na baba yako aliyezikwa pale kwenye kibanja, migombani, Mungu anirehemu, na mimi mwenyewe sijajiacha. Lakini kuliko wote hao, nina hasira na wewe. Wengine wamekukosea mara moja. Wewe unajikosea kila siku, na unafanya hivyo kwa tabasamu.

Nitaanza mwanzo. Unayajua yote, lakini katika nyumba hii jambo hili limesimuliwa kwa utamu mpaka limepotea sura, na nataka lisimuliwe angalau mara moja lilivyokuwa.

Kabla hujapanda mlima mara ya kwanza, uliniletea kitambaa cha turubai ukasema, "Mama, nishonee vifuko, vya kufunga mdomo kwa kamba, visiwe vya kuchanika." Nikakuuliza ni vya nini. Ukasema ni vya mawe. Nikacheka mpaka uzi ukakatika. Mtoto nimemsomesha hadi chuo kikuu, anakuja kuniambia anakwenda kuokota mawe Uganda, kana kwamba hapa Kamachumu yameisha.

Ukakaa pale kwenye kigoda, karibu na mguu wa cherehani, ukanieleza. Ulisema barafu ya mlimani haikai mahali pamoja. Dunia ikipoa inashuka bondeni polepole, ikisukuma mawe mbele yake na pembeni mwake, na ikianza kuyeyuka na kurudi juu, yale mawe yanabaki yamejipanga tuta, kama takataka zinavyobaki mstari pale ufagio ulipokomea uani. Vitabu vyenu vinaliita moreni. Mimi nimezoea kusema tuta. Ulisema Rwenzori ina matuta mengi, moja ndani ya jingine, na kila tuta ni mahali ambapo barafu iliwahi kufika ikasimama. Kujua ilifika wapi ni rahisi, unaona kwa macho. Kazi ni kujua ilifika lini.

Hapo niliacha kushona. Ulisema jiwe likiachwa na barafu juu ya tuta linaanza kupigwa na miale itokayo angani, miale isiyoonekana, na ndani ya chembe zake nyeupe zinazong'aa kinajengeka kitu kidogo sana ambacho maabara inaweza kukihesabu. Kikiwa kingi, jiwe limekaa muda mrefu chini ya anga. Kwa hiyo unatafuta jiwe kubwa, lililokaa juu kabisa ya mgongo wa tuta, ambalo halijabingirika wala kufukiwa. Unabandua ganda la juu kwa nyundo na tindo. Kisha unapima milima inayolizunguka, ujue inaliziba anga kiasi gani. Jiwe lililobingirika litakudanganya kwamba ni kijana. Jiwe lililokuwa limeshakaa nje kabla barafu haijalibeba litakudanganya kwamba ni zee. Kwa hiyo unachukua mengi kwenye tuta moja, ushuhuda wao uulinganishe.

Nilikuuliza, "Na ukishajua umri wa tuta, ndiyo nini?" Ukasema, "Mama, barafu ya kule inaisha. Nitaiona mimi, watoto wangu hawataiona. Tukijua zamani ilikuja lini na kuondoka lini, tutajua kama ilikuwa inakwenda pamoja na barafu za nchi nyingine, na nini kiliiondoa. Hapo hakuna atakayetuambia kwamba huku kwetu mambo yalikuwa hivi hivi siku zote." Na ukasema kuna tuta moja la nje, la mbali, lenye njia mbaya, ambalo hujasoma popote kwamba kuna mtu amelipima. Hilo ndilo ulilolitaka.

Nilishona vifuko vile kwa mshono wa mara mbili. Sikuwahi kushona kitu kwa makini kiasi kile, hata gauni la harusi ya dada yangu.

Ukaenda. Ukarudi umeungua uso, kucha moja ya mguu imetoka, unanuka moshi. Ulikuwa umekaa siku kadhaa kwenye hema pale mgongoni mwa tuta ukingoja ukungu uondoke upate kupima upeo wa milima, na wapagazi wakikubembeleza mshuke. Hukushuka. Hilo ulimwambia baba yako, si mimi, ukiwa umekaa kitandani kwake. Alikuwa hainuki tena wakati huo. Akaomba umwonyeshe jiwe moja. Ukampa kibanzi. Akakigeuza, akakinusa, kwa nini alikinusa sijui, akasema, "Hili limekaa juani kuliko ukoo wetu wote." Ukamwambia, "Si jua, tata, ni miale ya mbali zaidi." Akacheka kile kicheko chake cha mwisho mwisho kilichokuwa kama kikohozi. Halafu akakirudisha kibanzi mkononi mwako, akaifunga mikono yako juu yake, akasema, "Kaweke mahali pazuri."

Ukaviweka vifuko vyote ndani ya magunia mawili, ukayasimamisha stoo, ukaja kuniomba kufuli.

Nikakuambia, "Kufuli? Nani ataiba mawe, Kemi?"

Tulicheka wote. Baba yako mkubwa alikuwepo, amekaa barazani anatafuna kahawa, naye akacheka, akasema, "Waitu, msomi wetu anafungia mawe!" Kufuli lilikuwepo. Lilikuwa kwenye droo ya cherehani, na funguo zake mbili. Nimelitazama leo asubuhi.

Baba yako akalazwa Bukoba, akafia huko. Wewe ukaenda Bukoba na baba zako wadogo kuleta mwili kutoka hospitali. Mimi nilikuwa nimekalishwa chini kwenye majani, kitenge kichwani, wanawake wamenizunguka. Unajua mjane anavyofanywa. Anaulizwa kila kitu na hakuna anayengoja jibu. Ng'ombe yupi achinjwe? Natikisa kichwa. Turubai likae upande gani? Natikisa kichwa. Nje kwenye kibanja walikuwa wanajenga kaburi, na zege likapungua, imebaki kona moja ya upande wa miguuni. Baba yako mkubwa akaja akainama mbele yangu: "Shemeji, kuna kokoto stoo, tumalizie?" Nikatikisa kichwa.

Sikusikiliza. Kichwa kilikubali chenyewe.

Yeye alijua. Hapa ndipo damu inaponipanda. Mafundi hawakujua, sina neno nao, wao waliona mawe yaliyopasuliwa vizuri, makali, masafi, na wakashukuru. Lakini yeye alikuwepo ulipoyashusha. Alikucheka kwa ajili ya mawe hayo hayo. Alisimama pale mlangoni akitazama vifuko vinafunguliwa kamba kimoja kimoja, kila kimoja kina namba yako kwa wino mzito, vinamwagwa kwenye mchanga na saruji. Mtu anaona namba, anaona mwandiko wa mtoto wa ndugu yake, na bado anasema endeleeni.

Uligundua siku ya tatu baada ya mazishi, ulipokwenda stoo kutafuta gunia la mchele. Nilikuwa nyuma yako. Niliviona vifuko vyangu vimetundikwa kwenye msumari. Vilikuwa vimefuliwa, na kimoja kimetiwa maharage. Ulisimama. Nilingoja upige kelele. Nilitaka upige kelele, nami nipate nafasi ya kupiga zangu. Ukageuka, uso mkavu kabisa, ukasema, "Hamna neno, mama. Hata yakitolewa sasa hayafai, yamechanganyika, siwezi kujua lipi ni lipi." Ukachukua mchele ukaenda jikoni. Ulipika, ukapakua, ukawapigia magoti wageni.

Tangu siku hiyo nimebeba ile "hamna neno" yako kama mwiba kwenye kisigino.

Kisha ikaja ibada ya kuondoa matanga, na hapo ndipo walipoimaliza kazi. Mwinjilisti alikuwa amesikia habari, akaifanya mahubiri. Eti binti alipanda mlima mrefu akaleta mawe ya kale, na Mungu akayapangia kazi ambayo binti hakuijua, yaje yafunike miguu ya baba yake. Wanawake wakaguna kwa utamu. Mama yangu mdogo aliyetoka Ngenge akalia. Baba yako mkubwa akasimama akasema ndugu yake alikuwa anayapenda sana yale mawe, sasa amelala nayo. Akakuita mbele. Ukasimama, ukasema umefurahi, hamna neno, umemshukuru Mungu. Wakapiga vigelegele.

Vigelegele, Kemi! Kazi yako imemwagwa kwenye zege na watu wanapiga vigelegele.

Nataka unisikilize vizuri, maana ile hadithi ni nzuri na ndiyo maana ni mbaya. Utakwenda nayo huko Ulaya, utawasimulia wenzako, nao watasema maskini, inagusa moyo. Usiwasimulie hivyo. Baba yako hakuyahitaji mawe yako. Alihitaji kokoto, na kokoto zinapondwa pale njia panda na akina mama unaowajua kwa majina. Ingemchukua mtu na baiskeli muda wa kuchemsha chai. Hakuna malaika aliyepanga kitu. Kulikuwa na mtu mvivu wa kutembea, na mke wa marehemu aliyetikisa kichwa. Na kama wanataka kusema baba yako aliyapenda, basi waseme yote. Alikishika kibanzi, akakirudisha. Alikuambia ukaweke mahali pazuri. Miguuni pake si pazuri, ni pake.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaniuliza kwa nini cherehani yangu ya kwanza ina gurudumu la rangi tofauti. Nikakuambia nilinunua hivyo. Sikununua. Mama yangu aliniletea ile mashine kutoka Ngenge, mpya, imefungwa kwenye blanketi, nilipoolewa. Haikumaliza mwaka, baba yako mkubwa akaiazima kwa ajili ya mke wake. Ikarudi gurudumu limevunjika. Nikamtazama baba yako aseme neno. Akatazama ndizi. Baadaye akaniambia, "Ni kaka yangu." Na kaka yake akasema, "Si chuma tu, shemeji, chuma kinaungwa." Nikasema hamna neno. Nilishona sare za shule kwa mkono, nikivizia mchana nisichome taa, mpaka vidole vikawa havihisi sindano, na kila Jumapili nilikaa benchi moja na yule mwanamke kanisani nikimwimbia Mungu sauti ya pili.

Hilo ndilo ninalolijua maishani kuliko kushona. Nilidhani nikisema hamna neno, neno litakwisha. Halikwisha. Baba yako mkubwa alijifunza tu kwamba kwangu mambo yanapita. Alichukua mashine, akachukua miti ya kahawa ya upande wa chini, akahamisha mulamula, ile mimea ya kuonyesha mpaka wa shamba, kidogo kidogo, na kila mara baba yako alitazama ndizi nami nikasema hamna neno. Alipokuja kuinama mbele yangu siku ile, hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa nimeshamfundisha kwa miaka. Kichwa changu kilikuwa kimezoea.

Na baba yako nimemkasirikia. Nimekwenda pale kaburini juzi nikamwambia. Nilimpenda, alikuwa mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti, na upole wake ulinigharimu. Nimemwambia hivyo mbele ya ile kona, na kuku walikuwa wanapita, na sikuona aibu. Nililia, lakini nililia kwa hasira, na ni kilio tofauti, kinakausha uso badala ya kuuvimbisha.

Tukakuita Kemilembe, jina lenye maana ya amani. Tulifikiri tunakubariki.

Sasa nakuja kwako. Msimamizi wako wa chuo huko Ulaya alikuandikia. Uliniambia mwenyewe, tukimenya ndizi, kwa ile sauti yako nyepesi. Alisema ukiweza, rudi Rwenzori uchukue mawe upya, kibali chako bado ni hai, tiketi itasogezwa na chuo kitakungoja. Ukishindwa, maabara ina mawe ya mwanafunzi mwingine aliyeacha, ya tuta la ndani, la karibu na kambi, unaweza kuyafanyia kazi hayo. Nikakuuliza, "Tuta la ndani halijapimwa?" Ukasema, "Limepimwa, mama, mara nyingi. Nitarudia tu waliyofanya wengine, hamna neno." Ulimjibu siku hiyo hiyo. Ukachagua la ndani.

Kwa nini? Nimekutazama siku zote hizi nikitafuta sababu. Miguu imepona. Mlima huuogopi. Nadhani nimejua. Ukirudi mlimani, utakuwa umesema kwa vitendo kwamba kitu kilipotea. Ukoo utajua. Baba yako mkubwa atajua kwamba vile vigelegele vilikuwa vya bure. Na wewe unaondoka, mimi ninabaki hapa mlango kwa mlango naye, kwa hiyo unaninunulia amani. Unalipa kwa tuta lako.

Nani alikutuma? Nilikuomba lini?

Uliniambia wewe mwenyewe, na sikusahau, kwamba mawe yenyewe bado yako kule. Ulichukua ganda tu la juu. Lile kubwa ulilolala kando yake lipo, lina alama ya tindo lako. Vipimo vyote unavyo, picha unazo. Hakuna kilichokufa ila kile kilichoko kwenye zege. Mtu akichanikiwa nguo ilhali kitambaa kingine kipo kabatini, halafu akatembea uchi ili fundi asione aibu, huyo tumwiteje?

Jana nilifanya mambo mawili. Sikukuambia kwa sababu ungenizuia.

La kwanza, nilikwenda kwa baba yako mkubwa. Alikuwa barazani. Akanikaribisha, mkewe akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Sikuichukua. Unajua maana yake hapa kwetu kukataa kahawa ya mtu. Mkewe alibaki ameshika kile kisahani hewani, hajui akiweke wapi. Nikasema nikiwa nimesimama, "Nimekuja kwa jambo moja. Yale mawe yalikuwa ya mtoto, na ulijua."

Akasema, "Shemeji, tumezika mtu. Bado unazungumzia mawe?"

"Nazungumzia mawe."

"Mawe ni mawe. Kamachumu imejaa. Mwambie achukue anayotaka, apeleke Ulaya, nani atajua?"

Nikamwambia, "Yeye atajua." Nikamwambia pia habari ya gurudumu la cherehani. Amelisahau kabisa! Alikunja uso akimtazama mkewe, na mkewe akatazama chini. Yeye hajasahau.

Akasimama. Unajua alivyo mrefu. Akasema polepole, "Mume wako hayupo. Ukianza kelele leo, utaishi na nani hapa?"

Hilo ndilo swali ulilokuwa unamjibu wewe kwa niaba yangu, sivyo? Basi mimi nimeshajibu. Nilimwambia nitaishi na hao hao, na wao wataishi na mimi. Nikaondoka. Hakuomba radhi na hataomba, usingoje. Lakini usiku nilikula, Kemi. Nilikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, sahani nzima, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

La pili, nilimpigia simu Baluku, yule kiongozi wa wapagazi kule Kasese, ambaye namba yake uliniachia uliposafiri. Kiswahili chake ni cha shida na changu nacho kilikuwa na hasira, lakini tulielewana. Nilimuuliza kama njia ya lile tuta la nje inapitika. Akasema mvua kubwa bado haijaifunga njia, siku chache zipo. Akasema wale wanaume wanakukumbuka, wanakuita yule dada mbishi. Nikafurahi kusikia kwamba kuna mahali duniani unaitwa mbishi. Nikamwambia anakuja. Akacheka akasema, "Mama, siwezi kuwaita watu kwa maneno ya mama. Yeye mwenyewe apige." Na ana haki. Kwa hiyo sikukupangia kitu. Ningeweza kukufungia vitu vyako, ningeweza kumwandikia msimamizi wako, nimefikiria hata kuificha tiketi, lakini hapo ningekuwa nimefanya yale yale wanayofanya hapa, ya kuamua juu ya kitu cha mtu akiwa hayupo.

Kitu kimoja tu nimekifanya bila ruhusa. Chini ya sweta zako kuna vifuko vipya. Usipovitaka, vitie soksi.

Utasema una huzuni, mlima unataka mtu mzima. Najua una huzuni. Ulimpenda baba yako kuliko mimi, sikulaumu, nilikuwa mkali. Lakini huzuni huwezi kuimaliza kwa kufanya kazi usiyoiamini katika nchi ya baridi ambako humjui mtu. Utakaa kwenye ile maabara unahesabu mawe ya mtu mwingine, ya tuta ambalo kila mtu analijua, na jioni utarudi chumbani ukajiambia hamna neno. Nimeishi hivyo. Inawezekana kuishi hivyo miaka mingi sana, watu wakusifu, na siku moja mtu anainama mbele yako akikuuliza kama anaweza kuchukua cha mtoto wako, na kichwa kinatikisika chenyewe.

Sitaki kichwa chako kizoee.

Kesho asubuhi wote watakuja kukuaga. Baba yako mkubwa ataongoza maombi, kwa sababu hakuna wa kumzuia, na mimi nitakuwa pale nimenyooka. Akikuuliza mbele ya watu kama unaondoka na amani, usiseme hamna neno. Sikwambii umtukane. Mwambie, "Baba mkubwa, kulikuwa na neno," kisha upande gari. Ukishindwa kusema, nyamaza. Nitasema mimi.

Lakini barua hii utaifungua baada ya hapo, kwa hiyo mpaka sasa umeshafanya ulichofanya, na umeshasikia nilichosema. Nisamehe kama nilipayuka.

Sasa uko upande wa pili wa mpaka. Mbele yako kuna Masaka. Pale njia zinagawanyika, unajua kuliko mimi. Basi hili litakwenda mbele mpaka Kampala, na Kampala kuna Entebbe, na Entebbe kuna ndege, na kila mtu ndani ya basi atakaa kwenye kiti chake kwa sababu amelipia mpaka mwisho. Magari ya Mbarara na Kasese yanasimama upande wa pili wa barabara. Baluku hajawaita watu wake. Anangoja sauti yako.

Nakupenda, na bado nimekukasirikia, na vyote viwili vitakuwepo ukirudi. Mimi usinihurumie. Watu hawa nawaweza.

Masaka, shuka.

Mama yako